Josho Lililokamilika Katika Karatasi

Kuna deni langu ambalo halikuandikwa katika daftari lo lote, wala hapana hakimu aliyepata kunidai. Hata hivyo nimelichukua kifuani tangu mwezi wa Juni mwaka 1987, na sasa, kwa kuwa nimestaafu na siku zangu za kuwahofu wakubwa zimekwisha, naona inafaa niwaeleze. Walio makarani watanielewa upesi. Walio wakulima watapata kujua kwa nini kazi nyingine za Serikali huanza kwa ngoma na vigelegele, kisha zikaishia kimya, majani yakaota juu yake.

Mimi nalikuwa karani wa hesabu katika makao makuu ya wilaya moja ya nyanda za juu hapa Kenya. Naliandikwa kazi mwaka 1978, nikiwa kijana wa miaka 22, nikahamishwa huku na huku hata nilipostaafu mwaka 2016. Kila asubuhi nalifungua kabati, nikatoa leja, nikangoja hati za malipo ziletwe kutoka idara mbalimbali: barabara, maji, elimu, mifugo. Hati ikifika mezani pangu naliitazama kwa mambo manne. La kwanza, je, fedha zipo katika kifungu chake? La pili, je, hesabu imejumlishwa sawasawa? La tatu, je, sahihi ya mwenye idhini ipo? La nne, je, cheti cha kuonyesha kwamba kazi imetimizwa kimeambatanishwa? Yote manne yakiwapo, nalipiga muhuri na kuipeleka mbele, hundi ikaandikwa.

Yaangalieni vizuri mambo hayo manne. Hapana hata moja lililoniamuru niondoke kitini nikaitazame kazi yenyewe kwa macho. Serikali, kama nilivyojifunza, huona kwa karatasi. Karatasi ikisema daraja lipo, basi lipo. Na mama aliyesombwa na mto mahali pale pasipo na daraja, huyo hana karatasi.

MWEZI WA JUNI

Mwaka wa hesabu za Serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Fedha ambazo idara haikuzitumia kabla ya siku hiyo ya mwisho, idhini yake hukoma. Sheria hiyo ina maana yake njema, yaani kuzuia watu kulimbikiza fedha za umma bila kazi. Walakini kila mkuu wa idara hujua kwamba akirudisha fedha, ataulizwa mwakani, "Kama hukuzihitaji mwaka jana, mwaka huu wazitakia nini?" Kwa hiyo mwezi wa Juni katika ofisi zetu ulikuwa kama siku ya soko wakati wa magharibi, wakati kila mwenye mzigo ataka kuuondoa kabla ya giza. Hati ambazo katika Oktoba zingechunguzwa juma zima, katika Juni zalipita kwa dakika tano.

Katika siku za mwisho za Juni mwaka ule nililetewa hati ya kulipia matengenezo ya josho moja la ng'ombe. Ukuta wa josho ulikuwa na ufa, dawa ikivuja ardhini, na paa la upande wa kutokea lilikuwa limeng'olewa na upepo. Kontrakta alipewa kazi, na hati ilidai malipo yake yote. Kiasi chake kilizidi mshahara wangu wa miaka miwili. Fedha zilikuwapo. Hesabu ilikuwa sawa. Sahihi ilikuwapo. Cheti nacho kilikuwapo, kimepigwa chapa vizuri, kikisema kazi yote imetimizwa kwa kuridhisha.

Lakini mimi nalilijua josho lile. Lilikuwa maili 12 kutoka ofisini, katika kijiji cha mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenilipia karo ya miaka miwili ya mwisho shuleni. Juma lililotangulia nalikuwa nimekutana na kijana wa kijiji hicho katika stesheni ya basi, akaniambia kwamba pale pameshushwa lori moja la mchanga tu. Basi nikaichukua hati, nikaenda kwa mkubwa wangu, nikamwambia kwa adabu kwamba nadhani kazi haijaanza.

Yule bwana hakukasirika. Alinitazama kama mtu amtazamavyo mtoto aulizaye kwa nini mvua hunyesha. Akasema, "Karani, tusipolipa sasa, fedha hizi zitarudi Nairobi, na watu wako hawatapata josho mwaka huu wala mwaka ujao. Tukilipa, kontrakta atamaliza kazi mwezi wa Julai. Je, ni lipi lililo bora kwao?"

Nawaambieni kweli, maneno yale yalikuwa na akili ndani yake, na hiyo ndiyo hatari yake. Mwizi mtupu ni rahisi kumkataa. Ni vigumu kumkataa mtu akuombaye useme uwongo mdogo kwa faida ya watu wako mwenyewe. Tena nalikuwa na watoto watatu, mke wangu alikuwa mja mzito, na naliogopa kuhamishwa mbali. Nikarudi mezani. Nikapiga muhuri.

Julai ikapita, kontrakta hakuonekana. Na kwa nini aonekane? Alikuwa amekwisha lipwa.

Mwezi wa Desemba nalikwenda kwa mjomba kula Krismasi. Nilipopita karibu na josho naliona ule mchanga umeota majani, na ufa ukutani umepanuka hata mtoto angeweza kuingiza mkono. Mjomba alikuwa na ng'ombe wawili wa gredi aliowanunua kwa mkopo. Watu wenye ng'ombe wa namna ile wajua kwamba ndigana, ile homa iletwayo na kupe wa masikio, haiwahurumii. Ng'ombe wa kienyeji mara nyingi hustahimili; wa gredi akikosa dawa juma hadi juma, mwenyewe yu mashakani. Wenye nguvu walikuwa wakiwapeleka ng'ombe wao josho la mbali, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Mjomba alikuwa na maumivu ya goti. Mmoja wa ng'ombe wake, yule aliyekuwa akitoa maziwa, alikufa mwezi wa Oktoba.

Tulipokwisha kula akaniuliza, "Mpwa wangu, wewe umo ndani ya Serikali. Hebu niambie, habari za josho letu hazijawafikia?"

Nikamjibu, "Mjomba, habari huchelewa."

Akasema, "Basi zikifika, waambie kwamba ng'ombe hangojei."

Sikumwambia neno jingine. Alifariki miaka kumi baadaye, akiniheshimu kama kijana wake aliye mkubwa serikalini.

FEDHA HUHAMA, MACHO HUBAKI

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya jambo hili, nami nimetazama jinsi nchi zetu za Afrika ya Mashariki zilivyojaribu kuliponya. Dawa iliyotumiwa mara nyingi ni kuhamisha fedha na madaraka kutoka mahali pamoja kwenda mahali pengine.

Kenya ilipopata Uhuru mwaka 1963, katiba yake ilikuwa ya majimbo. Mwaka uliofuata majimbo yakafutwa na nguvu zikarudi Nairobi. Halmashauri za wilaya zilibaki zikitunza shule za msingi, zahanati na barabara, lakini nyingi zilishindwa hata kulipa mishahara ya waalimu. Nakumbuka mwalimu wetu alikuja darasani na viatu vilivyofungwa kwa kamba. Mwanzo wa mwaka 1970 Serikali Kuu ikazichukua kazi hizo. Mwaka 1983 mambo yakageuzwa tena, ukaanzishwa mpango wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo ya mashambani, na kamati za wilaya zikapewa kazi ya kuchagua miradi. Huo ndio mpango ambao chini yake mimi nalipiga muhuri wangu. Mwaka 2003 ikatungwa sheria ya mfuko wa maendeleo wa maeneo ya Bunge. Kisha ikaja Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010, na baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 tukapata kaunti 47, kila moja na gavana wake na Bunge lake dogo. Katiba hiyo imeamuru kwamba kaunti zote pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Afya ya wilayani, kilimo, mifugo, maji na barabara ndogo ni kazi ya kaunti.

Jirani zetu nao wamepita njia hiyo hiyo. Tanzania ilivunja halmashauri za wilaya mwaka 1972 katika mpango wa Madaraka Mikoani. Ikaona hasara yake, ikatunga sheria mpya mwaka 1982, na halmashauri zikarudi kazini mwaka 1984. Uganda ilitunga sheria yake ya serikali za mitaa mwaka 1997, ikazipa wilaya madaraka makubwa.

Mimi sipingi ugatuzi. Nimeona zahanati zikifunguliwa mahali ambapo hapo kwanza mgonjwa alichukuliwa kwa machela, na nimeona barabara zikifika kwa watu waliosahauliwa tangu Uhuru. Walakini nimeona pia kwamba fedha zaweza kuhama kutoka Nairobi hadi makao ya wilaya, na kutoka makao ya wilaya hadi kaunti, na bado zikafika mezani kwa karani atazamaye mambo manne yale yale, katika mwezi ule ule wa Juni. Fedha zimehama, macho ya kuzitazama hayakuhama nazo.

UKUTA WA SHULE

Juu ya macho hayo nitawapa mfano mmoja wa kweli, nao watoka Uganda.

Katika miaka ya 1991 hadi 1995 Serikali ya Uganda ilikuwa ikituma ruzuku kwa shule za msingi, kiasi fulani kwa kila mwanafunzi, kwa ajili ya matumizi ya shule yasiyo mishahara. Katika vitabu vya Kampala kila kitu kilikuwa safi, fedha zilitoka. Kisha wachunguzi wakafanya jambo ambalo mimi sikulifanya mwaka 1987: waliinuka, wakaenda wenyewe katika shule 250, wakauliza zimepokea kiasi gani. Wakaona kwamba, kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotumwa ni shilingi 13 tu zilizofika. Shule nyingi hazikupokea cho chote. Waalimu wakuu wengi hawakujua hata kwamba shule zao zilikuwa na haki ya fedha hizo. Na mtu asiyejua haki yake atamdai nani?

Serikali ile haikuficha aibu. Iliamua kutangaza magazetini ni kiasi gani kimepelekwa kila wilaya, na ikaamuru kila shule ibandike ukutani tangazo la fedha ilizopokea, ili mzazi ajaye kumtazama mtoto wake asome. Kufika mwaka 2001, katika kila shilingi 100, zaidi ya 80 zilikuwa zikifika. Baadhi ya wataalamu wamesema kwamba matangazo peke yake hayakuleta mabadiliko hayo yote, maana Serikali ilifanya matengenezo mengine wakati huo huo. Yawezekana ni kweli. Hata hivyo mimi niliyekaa upande wa ndani wa meza najua jambo moja: karani aliyeambiwa apige muhuri juu ya uwongo atatetemeka zaidi akijua kwamba mama mmoja atasoma tarakimu ile ile ukutani siku ya Jumatatu.

JOSHO LA PILI

Sasa nawarudisha nyumbani kwangu. Mwaka 2019, mwezi wa Aprili, maofisa wa kaunti yetu walikuja kijijini kufanya mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi juu ya makadirio ya fedha. Mkutano wa namna hiyo si hisani. Katiba yenyewe imeagiza kwamba wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na makadirio ya kaunti hupaswa kupelekwa katika Bunge lake kabla ya mwisho wa Aprili. Twalikuwa watu wapata 60 katika darasa la shule. Tuligawiwa vitabu vitatu tu, vinene, vya Kiingereza. Ofisa akavisoma mbio mbio, na dereva wake akaacha mlango wa gari wazi.

Akasimama msichana mmoja ambaye huandika hesabu za maziwa katika chama chetu cha ushirika. Akasema, "Bwana Mwenyekiti, naomba kuuliza. Hapa imeandikwa kwamba josho la kijiji chetu lilitengenezwa mwaka uliopita, na fedha zimekwisha lipwa. Mimi hupita pale kila siku asubuhi na maziwa. Naomba nionyeshwe lilipotengenezwa."

Ofisa akafunua karatasi, akajibu, "Dada, cheti cha kukamilisha kazi kipo."

Wasomaji, nalihisi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kaburini. Nalikuwa nimekaa nyuma, pamoja na wazee wenzangu, nikitaka kwenda zangu nyumbani. Nikainuka. Nikasema, "Cheti kipo, nami sina shaka. Hata mwaka 1987 kilikuwapo." Kisha nikawaeleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi hapa. Darasa likanyamaza. Mzee mmoja rika langu alinitazama kwa chuki, na sikumlaumu. Huenda naye alikuwa na ng'ombe.

Ofisa yule, na hapa sina budi kumtendea haki, hakupanda gari akakimbia. Alirudi juma lililofuata akiwa na faili. Tukakuta kwamba hati ilipitishwa siku mbili kabla ya mwisho wa Juni. Kijana yule akaniambia kwa uchungu, "Mzee, mgao wetu ulikuwa ukichelewa mwezi baada ya mwezi, kisha fungu kubwa likatufikia mwisho wa mwaka. Tungefanya nini? Mwaka ukiisha, idhini ya kuzitumia hukoma, na kuziombea upya katika Bunge la kaunti ni safari ya miezi." Nalipomsikiliza nalijisikia nikisema mimi mwenyewe, miaka 32 nyuma.

Kwa hiyo msidhani kwamba ubaya wote uko kwa yule aliye karibu nanyi. Nairobi ikichelewesha fedha, kaunti huzitumia kwa pupa. Kaunti ikizitumia kwa pupa, karani hupiga muhuri bila kuona. Karani asipoona, kontrakta mwovu hulipwa kwa kazi asiyoifanya, na kontrakta mwema aliyefanya kazi kwa haki hungoja malipo miaka hata akauza shamba lake. Wakubwa wanaopanga siku za kutoa fedha wana sehemu kubwa katika dhambi hii kuliko wanavyojua, kwa kuwa ndio wanaoutengeneza mwezi wa Juni.

MAJI YA USIKU MBILI

Tukapatana na ofisa yule mambo mawili. La kwanza, kontrakta aitwe atimize kazi, na ubao usimamishwe penye josho, umeandikwa kwa Kiswahili: kazi gani, fedha kiasi gani, nani aliyepewa kazi, itaanza lini na kwisha lini. La pili, cheti kipya kisiandikwe mpaka watu watatu wa kijiji wameikagua kazi na kutia sahihi zao pamoja na ya ofisa wa mifugo. Tulichaguliwa yule msichana wa maziwa, mchungaji mmoja mzee asiyejua kusoma, na mimi.

Ubao wa kwanza uling'olewa usiku, hata haujamaliza siku kumi. Hatukumtafuta aliyeung'oa. Tukanunua rangi kwa michango ya shilingi kumi kumi, tukayaandika maneno yale yale juu ya ukuta wa josho lenyewe. Na ukuta hauchukuliwi begani.

Kontrakta alipodai kwamba amemaliza, mimi nalikwenda na kalamu yangu, tayari kuyatazama mambo manne. Yule mchungaji akacheka. Akasema, "Mzee, karatasi yako haiwezi kuvuja. Tulijaze maji." Tukalijaza maji matupu yasiyo na dawa, naye akachora mstari kwa mkaa mahali maji yalipofika. Tukalifunika tukaenda kulala. Baada ya usiku mbili maji yalikuwa yameshuka kwa upana wa vidole vinne. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa juu tu, na ufa ulikuwa ungali chini yake.

Hatukutia sahihi. Kontrakta alitukana, kisha akaleta saruji, akafukua, akaziba. Tukajaza tena. Safari hii, baada ya usiku mbili, mstari wa mkaa ulikuwa ukigusa maji. Hapo ndipo tulipoandika majina yetu, na mchungaji akatia dole gumba.

Sitawadanganya kwamba kijiji chetu sasa ni Peponi. Mara mbili dawa imekwisha josho likakaa kavu, na barabara iliyoandikwa katika kitabu kile cha mwaka 2019 ililimwa nusu. Lakini josho halivuji.

NENO KWA MAKARANI NA WAKULIMA

Kwenu makarani wenzangu nina shauri moja. Sitawaambia kila mmoja wenu apigane na mkubwa wake, maana najua watoto hula nini. Nawaambia hivi: mkipewa hati ya kazi ambayo hamna hakika nayo, andikeni pembeni, kwa mkono wenu na tarehe, maneno haya: "Kazi hii sikuiona, wala sikuonyeshwa na aliyeiona." Maneno hayo hayamtukani mtu. Lakini yatabaki katika faili, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye Katiba imemtaka akague hesabu za Serikali Kuu na za kaunti kila mwaka, akifika ataanza hapo. Laiti ningaliyaandika mimi mwaka ule, pengine ile hundi isingalitoka, au yule aliyeitoa angalijibu yeye.

Nanyi wakulima, mwezi wa Aprili msiuache upite. Twajua kuhudhuria matanga na harusi kwa mamia, lakini mkutano wa makadirio huenda watu 60, nusu yao wakifuata soda. Ulizeni mambo machache tu, ya mahali mnapopajua kwa miguu. Mtu hawezi kuwadanganya juu ya daraja mnalolivuka. Tena Katiba, katika kifungu cha 35, imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeeleza jinsi ya kuziomba. Ombeni kwa maandishi, mkaweke nakala.

Baada ya josho letu kukamilika, nalipanda basi nikaenda kumwona mkaza mjomba wangu, ambaye alikuwa bado hai, macho yake yamepungua nguvu. Nikamwambia habari zote za hati ya mwaka 1987. Alikaa kimya kitambo, akipapasa fimbo yake. Kisha akasema, "Mwanangu, ng'ombe yule ndiye aliyekuwa karo ya binti yangu wa tatu. Alipokufa, mtoto alirudi nyumbani, akaolewa." Mimi nalimjua binamu yangu huyo tangu utotoni, na miaka hiyo yote nalidhani kwamba shule ilimshinda.

Mama yule hakunilaani, wala hakusema kwamba amenisamehe. Aliniambia ninywe chai kabla haijapoa.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami niliyeshika daftari kwa miaka 38 nawaongezea neno: mali yaweza kupotea hata ndani ya daftari, ikiwa mwandishi wake hainuki kitini akaenda kutazama.